Presha Haisubiri Kichwa Kiume

Wengi huamini kwamba mtu mwenye shinikizo la juu la damu, au presha kama tulivyozoea kuiita, lazima ataumwa kichwa, atahisi kizunguzungu au moyo utamwenda mbio, na kwamba asiyeona dalili hizo yuko salama. Imani hii si sahihi, nayo imewagharimu watu maisha. Kwa walio wengi presha hupanda kimyakimya kwa miaka, huku ikichakaza mishipa ya damu, moyo, figo na macho, bila mwenyewe kuhisi lolote. Maumivu makali ya kichwa mara nyingi hujitokeza pale tu inapokuwa imepanda mno.

Njia ya kuijua ni kuipima. Anayepimwa aketi kwa utulivu takribani dakika 5, mgongo ukiwa umeegemea, nyayo zikiwa sakafuni na mkono ukiwa usawa wa moyo, kwani hata mazungumzo wakati wa kupima huweza kupandisha namba. Vipimo vya 140/90 au zaidi, vikijirudia katika siku mbili tofauti, humwezesha daktari kuthibitisha ugonjwa.

Dalili ambazo kweli hazipaswi kusubiri ni za kiharusi: uso kupinda upande mmoja, mkono kuishiwa nguvu ghafla, maneno kutoka kwa shida. Nasisitiza hili kwa sababu wapo wanaorudi kulala dalili hizo zinapotoweka baada ya dakika chache, ilhali kutoweka huko si kupona, na mgonjwa anapaswa kufikishwa hospitali saa hiyo hiyo.