Nani Kakwambia Kima Lazima Avae Manyoya Mwili Mzima?

Msimu wa matamasha ukikaribia, sentensi ninayoisikia mno kibandani kwangu ni hii: "Fundi, nataka vazi kamili, kuanzia kichwani mpaka unyayoni." Anayesema hivyo kashapewa mada na shule, na kikundi chake au na hoteli anayofanyia kazi: wanyama wa Zanzibar, viumbe vya bahari, ndege. Mkononi ana simu, ndani ya simu mna picha ya vazi la manyoya lililoshonwa kwa ajili ya nchi za baridi, na siku zenyewe zimebaki mbili tatu.

Wiki hii kaja mama mmoja, anataka mwanawe ashonewe kima punju mzima kwa kitambaa cha blanketi. Nikamuuliza kama ameshawahi kumwona kima punju. Kamwona kwenye msitu wa Jozani. Sasa nini kilichokufanya umjue ni punju na si kima mwengine? Akafikiri kidogo. "Zile nywele nyeupe usoni." Basi bibi, nikamwambia, vazi tumeshalipata, blanketi rudi nalo nyumbani.

Hiyo ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote, kwamba mtu asipofunikwa pote hatatambulika. Watazamaji wa maandamano ya tamasha hujipanga pembezoni mwa njia safu tatu, safu nne. Walio nyuma hawakuoni chini ya mabega hata ukivaa dhahabu. Wanachokiona ni umbo la kichwa chako, na pengine kitu kimoja kikubwa kinachochezacheza. Kwa hiyo pesa na uzi viende juu ya mabega, na huko chini vaa nguo ulizonazo, rangi zioane tu.

Tumchukue huyo huyo punju. Uso wake mweusi, umezungukwa na nywele ndefu nyeupe, midomo na pua vina rangi ya waridi, mgongo mwekundu kama kutu, mkia mrefu. Tafuta kofia nyeusi kuukuu inayobana kichwa. Kata uzi mweupe wa kufumia vipande vya urefu wa kidole, uvishonee kwa mkono kuzunguka ukingo wa kofia, vishada vikaribiane, halafu uvichambue kwa kitana mpaka vitimke. Kazi ya jioni moja, na cherehani haihitajiki. Mgongoni mtupie kanga au shuka ya rangi ya kutu, uifunge fundo kifuani. Fulana nyeusi na suruali nyeusi karibu kila nyumba zipo.

Mkia ndipo wengi wanapoharibu. Wanaujaza matambara mpaka unakuwa mzito kama mtoto mchanga, kisha wanaushonea kwenye suruali. Suruali inashuka njiani, mtoto anatembea kaishika kwa mikono miwili. Jaza usufi, ule ule wa mito, maana ni mwepesi. Ufunge kwenye mkanda uliokaza kiunoni, si kwenye suruali, na ncha uitie uzi mwembamba unaokwenda mpaka kwenye kiganja cha mkono, ili mkia upande na kushuka na asiukanyage mtu. Jambo la mwisho ni la bure na watoto hulipenda kuliko yote: kidole gumba cha punju ni kibutu tu, karibu hakipo. Mwambie mtoto akikunje chake ndani ya kiganja kila anapopunga mkono. Atakayekwenda Jozani baadaye atakuja kumkumbuka.

Na joto je? Tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililoanza 2004, huangukia Februari, kaskazi imeshika, mchana nyuzi joto zimepita 30 na hewa imejaa unyevu. Manyoya bandia ni plastiki iliyosokotwa. Hayanyonyi jasho wala hayapitishi upepo. Nimeshaona simba watu wazima wakivuliwa vichwa barabarani na kumwagiwa maji. Pamba, tena nyepesi, basi. Sitaki kubishana juu ya hili.

Na haya ndiyo mengine ninayoambiwa kibandani. "Uso usipofunikwa hapo hakuna kinyago." Wamakonde, ambao kwa vinyago hawana wa kuwafundisha, wana lipiko linalovaliwa kichwani kama helmeti, na mchezaji huchungulia kupitia mdomo wa kinyago. Yaani sura inakaa juu zaidi ya uso wa mtu, na mtu anaona anakokwenda. Usiliigize lipiko lenyewe, lina jando na miiko yake, lakini mbinu ichukue. Kata sura ya katoni, ipake rangi, uikalishe kwenye paji la uso kwa lastiki. Unapumua, unaona, na unaonekana kwa shibiri moja zaidi. Matundu ya macho hayana kazi.

"Mada ikiwa utamaduni, vazi ni rubega la Kimasai na mkuki wa mti." Kila mwaka! Mtu kazaliwa Kwahani, bibi yake wa Makunduchi, anakuja kutafuta shuka jekundu. Wamasai wana sherehe zao, tuwaachie. Utani wa mavazi sisi tunao wa kwetu na wala haukuja na watalii. Mwanzoni mwa karne ya 20 vikundi vya ngoma ya beni vya pwani, Kingi na Skochi wa Mombasa, Marini na Arinoti wa Tanganyika, vilishindana kwa kuiga sare za wanajeshi na mabaharia, na vyeo vyao. Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya, wanaume wanaopigana kwa mabua ya migomba utawaona wengine wamevaa magauni. Koti kuukuu la mjomba, mistari miwili ya kitambaa cha njano begani, na medali za vizibo vya soda: hilo ni vazi la beni, na lina historia nyuma yake kuliko mkuki wako.

"Piko ni hina nyeusi tu, mchore mtoto masharubu ya paka." Hapana, na hapana tena. Piko ni rangi ya nywele, ina kemikali iitwayo PPD, na ngozi inaweza kutoka malengelenge yatakayoacha alama. Aliyedhurika mara moja anaweza kudhurika na rangi za nywele maisha yake yote. Hina ya kweli hutoa rangi ya chungwa mpaka kahawia, haiwi nyeusi. Masharubu chora kwa wanja. Rangi za maji za shuleni nazo ni za karatasi.

"Kanga haitaki kazi, unafunga tu." Haitaki kazi nyingi, lakini inataka. Doti huuzwa vipande viwili vikiwa havijatenganishwa, kwa hiyo ukate, upinde mishono, kisha uifue kwanza, kwani wanga wa dukani huifanya isimame kama karatasi na fundo halishiki. Halafu soma jina. Watu wetu wanasoma kanga kabla hawajakusalimu, na nimeshamwona kasa wa kupendeza kabisa mgongoni ana fumbo la kumsema mke mwenza.

"Pweza anataka mikono minane ya kushona." Sita. Miwili unayo, Mungu kakupa. Shona mifuko sita mirefu ya kanga kuukuu, itie usufi, mitatu ining'inie kila ubavu kutoka kwenye mkanda wa begani, kisha uiunganishe mkono kwa mkono kwa mshipi wa kuvulia mpaka kwenye kifundo cha mkono wako. Ukinyanyua wako, na yote inanyanyuka, hapo ndipo watu watakapocheka. Ukinilazimisha nishone minane, nitashona na hela nitachukua, lakini pamoja na yako itakuwa kumi, na huyo si pweza tena, ni ngisi.