"Fundi, niwekee zile za kujishika": dhana potofu kuhusu bawaba za milango ya biashara

Kila mwaka pesa za korosho zikishaingia mifukoni, Mtwara maduka mapya yanachipuka kama uyoga, na siku hizi duka bila mlango wa kioo halionekani duka. Nami simu yangu hailali. Sentensi ya kwanza ni ileile: "Fundi, niwekee zile bawaba zinazojifunga zenyewe, lakini ukitaka mlango ukae wazi, unakaa." Bawaba hizo zipo, nzuri tu. Kinachonichosha ni mambo ambayo wateja wanaamini zinaweza kuyafanya.

Mwezi uliopita niliitwa Shangani, hapa hapa Mtwara, duka la nguo. Nafika nakuta mlango hakuna. Kioo chote kimegeuka punje sakafuni, bawaba ya juu imeng'oka na skrubu zake, na mwenye duka amesimama na ufagio. Alichoniuliza ndicho kilichonifanya niandike haya: "Lakini si nilinunua zile zinazoshika? Upepo umeufungaje?"

"Ikishashika, upepo hauwezi kitu."

Hii ndiyo mama wa dhana zote, na nimeshaikanusha mara nyingi mpaka ulimi unauma.

Fungua bawaba ya mafuta uone kilichomo. Kuna springi inayotaka kuurudisha mlango. Kuna mafuta yanayopita kwenye tundu dogo ili mlango urudi polepole badala ya kubamiza. Na kuna mhimili wenye kishimo: mlango ukifika nyuzi 90, gololi au roda inatumbukia mle, springi inashindwa kuvuta, mlango unatulia. Kushika kwenyewe ndiko huko, hakuna kingine. Kishimo kile kimechongwa kishindane na springi tu, tena kwa kiasi ambacho bibi mwenye kapu mkononi akiusukuma mlango kidogo, gololi inatoka na mlango unaanza kujifunga. Kingekuwa kigumu kiasi cha kuushinda upepo wa kusi, huyo bibi angeusukuma mpaka jioni.

Sasa weka upepo. Mlango wa sentimita 90 kwa mita 2.1 una karibu mita za mraba 1.9. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa, ukiupiga bapa unausukuma kwa nguvu inayofanana na uzito wa kilo 11 na zaidi. Na hesabu ya upepo haina huruma: kasi ikiongezeka mara 2, nguvu inaongezeka mara 4. Dhoruba ya ghafla kabla ya mvua inafika huko kirahisi. Hapo gololi haina la kufanya. Inaruka kutoka kwenye kishimo, na kuanzia hapo upepo na springi wanasukuma upande mmoja. Mafuta yaliyopimwa kuizuia springi peke yake yanabanwa kupita kiasi, sili (mpira unaozuia mafuta yasitoke) inapasuka, bawaba inaanza kulia machozi meusi. Hiyo ni kama kioo kimepona.

Watu wa pwani tunaujua upepo wetu. Kusi linaanza karibu Aprili na kuendelea hadi Septemba hivi, na mchana wa Julai mitaa iliyo karibu na bahari inapigwa kweli kweli. Ngalawa tunazifunga kwa kamba mbili, lakini mlango wa kioo wa kilo 57 tunauachia kigololi! (Kilo 57 si chumvi. Kioo kina kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene. Kioo cha milimita 12 kwenye mlango niliotaja, piga mwenyewe.)

Ndiyo maana kabla sijataja bei ninakwenda na kipande cha kanga. Naomba nije saa tisa alasiri, si asubuhi wakati upepo bado umelala. Nasimama pale mlango utakapokuwa ukiwa wazi, nanyanyua kanga, naangalia inaelekea wapi. Wengine wananicheka, wanasema fundi anapunga pepo. Wacheke. Mlango unaofunguka nje unasimama kama ukuta mdogo barazani, na upepo unaotambaa na mtaa unaukuta bapa. Bawaba zikiwa upande upepo unakotoka, upepo unaufunga mlango kwa kishindo. Zikiwa upande unakokwenda, upepo unausukuma uzidi kufunguka, mpaka unapinda bawaba au unapiga ukuta. Kwenye hali ya pili dawa ipo na ni rahisi: stopa ya sakafuni yenye mpira, yaani kizuizi cha kuukomesha mlango. Kwenye hali ya kwanza utalia. Kwa hiyo upande wa bawaba uamuliwe na upepo, wala si na mahali ulipopanga kuweka kaunta.

Na hiyo stopa isiwekwe karibu na bawaba. Nimeziona nyingi zimebandikwa pale eti zisiwakwaze watu. Ikikaa karibu na bawaba, mlango wote unageuka mtaimbo wa kung'oa skrubu. Iweke angalau theluthi mbili ya upana kutoka kwenye bawaba, kisha ipake rangi inayoonekana.

Ukitaka mlango ukae wazi tangu asubuhi mpaka unapofunga duka, mwambie fundi akuwekee kulabu ya ukutani inayoukamata mlango wenyewe. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote nilivyotaja hapa, na wateja wanakikataa kwa sababu "hakina hadhi". Kujishika kwa bawaba kumetengenezwa kwa dakika chache: unaingiza mzigo, unapiga deki, unampisha mteja mwenye kiti cha magurudumu. Ukienda Mikindani, mji mkongwe wa pwani jirani yetu, kaangalie milango ya zamani ya mbao: inafunguka kwa ndani, imejificha kwenye unene wa ukuta, upepo hauna pa kuishika. Mlango wa duka ukiweza kufunguka ndani bila kuzuia njia ya kutokea watu wengi, nusu ya matatizo haya yanaisha.

"Inashika popote ninapouachia."

Hapana. Inashika pale kishimo kilipo. Bawaba nyingi za mafuta na kloza za sakafuni (vifaa vinavyoufunga mlango) zinashika nyuzi 90. Ziko zinazoshika mbele kidogo ya hapo, lakini kila moja ina pembe yake. Chini ya pembe hiyo mlango unarudi, upende usipende. Mgahawa mmoja hapa mjini ulilalamika kwamba wameuziwa bawaba feki kwa sababu hazishiki. Nilikwenda na kipimo cha pembe. Nyuma ya mlango kulikuwa na friji ya soda, mlango unagonga friji ukifika nyuzi 75. Bawaba haijawahi kuona kishimo chake tangu ifungwe. Tulisogeza friji, kazi ikaisha, na malipo yangu siku hiyo yalikuwa wali na pweza.

Kwa hiyo pima kwanza mlango unafunguka mpaka wapi kweli, na vitu vyote mahali pake: friji, tangi la maji, stendi ya vocha.

"Na ule wa ngazi nao uushike, watu wanahangaika kuufungua."

Hapa sibishani, nakataa kazi. Mlango wa moto, ule mzito unaotenga ngazi na korido kwenye hoteli au ofisi ya ghorofa, hauwekwi bawaba ya kujishika yenyewe, wala kabari, wala tofali. Kazi yake ni kuwa umefungwa moshi unapoanza. Moshi ukipata ngazi iliyo wazi unapanda kama kwenye bomba la jiko, na ngazi hiyo ndiyo njia ya watu kushukia. Siku Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wakija kukagua, tofali lako sitakuja kulitetea.

Kama watu wanahangaika kweli, iko njia halali: sumaku ya umeme ukutani iliyounganishwa na king'ora cha moto. King'ora kikilia, sumaku inaachia, mlango unajifunga. Umeme ukikatika pia sumaku inaachia, na hapo ndipo napigiwa simu kwamba "sumaku mbovu, kila TANESCO wakikata mlango unajifunga". Siyo mbovu. Imetengenezwa hivyo makusudi.

"Haufungi vizuri? Kaza springi."

Mlango usiofika kwenye kitasa mara nyingi umelala chini, au fremu imepinda, au ulimi wa kitasa unagonga. Ukikaza springi unaficha ugonjwa. Bawaba ya springi tupu haina mafuta ya kuipunguza kasi, kwa hiyo kila unavyokaza ndivyo mlango unavyopiga visigino vya watu. Kwenye zahanati nimeona mama mjamzito anausukuma mlango kwa bega. Kaza mpaka ulimi uingie kitasani, basi.

Kwa bawaba na kloza za mafuta kuna skrubu za kasi, kwa kawaida mbili: moja ya mwendo wote, nyingine ya nyuzi chache za mwisho. Zungusha robo tu, jaribu, zungusha tena. Usiitoe nje kabisa, maana mafuta yataruka. Usishangae pia mlango ukikimbia zaidi mchana kuliko alfajiri: joto linayalainisha mafuta.

Nguvu nayo inachaguliwa kwa upana na uzito, wala si kwa ukubwa wa boksi dukani. Kwa kipimo cha Ulaya kinachoandikwa kwenye kloza nyingi, namba 3 ni ya mlango wa hadi milimita 950 na kilo 60, namba 4 ni milimita 1100 na kilo 80. Mlango wako ukiwa mpakani na unaangalia bahari, panda namba moja.

"Ni stainless, haishiki kutu."

Njoo Mikindani uone. Ile ya daraja la 304, iliyojaa madukani, inatoa vidoa vya kahawia kwenye hewa ya chumvi. Ya 316 ina molibdenamu ndani yake na inastahimili zaidi, ingawa nayo inataka kupanguswa kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara. Wale wanaokuja na sumaku mfukoni kupima: sumaku itakuonyesha chuma cha kawaida kilichopakwa nikeli, lakini 304 na 316 haiwezi kuzitenganisha. Tafuta namba iliyopigwa kwenye chuma chenyewe. Na mwambie kijana wa usafi asiipake dawa ya klorini ya chooni, wala asiisugue kwa waya wa masufuria.

"Inavuja, nijazie mafuta."

Hazijazwi. Sili imekwisha, nunua nyingine.

Ukinipigia simu kuuliza bei, naomba uwe na haya mkononi: upana, urefu na unene wa mlango, ni kioo au mbao au aluminiamu, unafunguka ndani au nje, nyuma yake kuna nini, na bahari iko upande gani. Picha ya mlango wa jirani uliyoipiga kwa simu hainisaidii kitu.