Huyu Naye Ana Asperger Gani?

Wiki iliyopita nilikodi bajaji kutoka Mwanga kwenda Kibirizi, kwenye mwalo wa wavuvi. Dereva alinifahamu. Hatujaenda mbali akageuza shingo: "Daktari, samahani. Yule karani wa mwaloni, kweli ana kile alichokisema redioni? Maana yule anahesabu hela kuliko mashine ya benki."

(Mimi si daktari, ni mwanasaikolojia tiba. Miaka ya mwanzo hapa Kigoma nilimsahihisha kila aliyeniita hivyo. Siku hizi naitika tu.)

Karani huyo nitamwita Bahati. Si jina lake, na baadhi ya mambo yake nimeyageuza. Mjini wanamjua, lakini walio mbali hawana haja ya kumjua. Yeye na mkewe wameyasoma haya na kuyaruhusu.

Tarehe 2 Aprili, siku ambayo dunia huadhimisha uelewa kuhusu usonji, hali ya tangu utotoni inayomfanya mtu awasiliane na kuhusiana na wenzake kwa namna tofauti, Bahati alialikwa redioni akasema ana Asperger, aina mojawapo ya usonji. Alizungumza dakika chache tu, na tangu siku hiyo kila mtu mjini amekuwa bingwa wa magonjwa ya akili. Kijiweni wanasema anatafuta kiki. Wauza dagaa wanasema ni maringo yake yaleyale, sasa kayapatia jina la Kizungu. Shangazi yake anasema kachezewa, na anamjua aliyemchezea. Waliosoma wanasema kwa upole, na upole wao huuma zaidi: mbona ana mke, ana mtoto, ana kazi?

Nianze na jina, maana lenyewe halijatulia. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa akili wa watoto huko Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11 walioishi kana kwamba wako peke yao duniani. Mwaka uliofuata, huko Vienna, Hans Asperger aliandika kuhusu wavulana wanne wenye lugha pevu kuliko umri wao, akawafananisha na maprofesa wadogo. Aliandika kwa Kijerumani, na maandishi yakalala. Mwaka 1981 daktari Mwingereza, Lorna Wing, aliyaamsha na kuipa hali hiyo jina la Asperger. Katika miaka ya 1990 jina likaingia kwenye miongozo mikuu miwili ya kutambulia magonjwa, wa Shirika la Afya Duniani na wa Wamarekani. Wamarekani walilitoa mwaka 2013, na toleo la Shirika la Afya Duniani lililoanza kutumika Januari 2022 nalo halina tena. Yote sasa yamo ndani ya wigo mmoja wa usonji. Sababu mojawapo ilikuwa ya kawaida kabisa: mtu yuleyule kliniki hii ilimwita Asperger, kliniki ile ikamwita usonji. Halafu mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech akachapisha nyaraka zinazoonyesha kwamba Asperger alishirikiana na utawala wa Wanazi, na kwamba kuna watoto aliowapeleka Am Spiegelgrund, kituo cha Vienna ambako walikufa watoto karibu 800. Wengine tangu hapo wanaona vibaya hata kulitamka jina lake.

Kwa hiyo karatasi ya Bahati haina neno Asperger. Ilisainiwa na daktari bingwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 za reli kutoka hapa, na imeandikwa usonji. Nilimuuliza kwa nini basi redioni alitaja Asperger. Akajibu: "Nikisema usonji, watu wanamtafuta mtoto asiyesema. Wasipomwona, wanasema mimi mwongo." Kwa habari hiyo ya Vienna, mimi nisingelichagua jina hilo. Lakini hoja yake ilinishinda.

Tuje kwenye kipimo. Watu hukiulizia kana kwamba ni cha malaria: tone la damu, dakika kumi na tano, mstari mmoja au miwili. Hakipo. Damu haisemi, wala picha ya ubongo. Kuna kumtazama mtu, kuzungumza naye, kuwauliza wanaoishi naye, na kazi kubwa kuliko zote ni kuufukua utoto wake. Usonji hauanzi ukubwani. Mtu akiniambia alikuwa kama wenzake mpaka alipofika miaka 20, ndipo akabadilika, natafuta jambo jingine.

Ndiyo maana siku iliyonigeuza mimi ni siku aliyokuja mama yake. Alitoka Kasulu na basi la asubuhi, mkononi ana bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na kadi ya kliniki na ripoti za shule zilizoliwa na mende pembeni. Nikamuuliza: "Mama, alipokuwa mdogo alikuwa anachezaje?"

Akacheka. "Huyu hakucheza, mwanangu. Alipanga."

Alipanga visoda. Bahati wa miaka minne aliviokota nyuma ya kilabu, akavipanga kwa rangi kutoka kizingitini mpaka shina la mgomba. Siku moja binamu yake alichukua kimoja. Bahati alilia mpaka jioni, na hata alipoletewa visoda kumi badala ya kile kimoja hakunyamaza. Kisoda chenyewe hakikuwa na maana kwake. Alichokililia ni nafasi iliyobaki wazi.

Nikauliza kama alichelewa kusema. "Hata! Alisema mapema. Ila alivyokuwa anasema…" Nyumbani wote walizungumza Kiha. Mtoto akajibu kwa Kiswahili cha redioni, maneno yamenyooshwa kama taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Majirani wakambatiza Bwana Mtangazaji. Kisha mama akanitolea ripoti ya darasa la pili. Kwa mwandiko wa mwalimu: "Ana uwezo. Hana rafiki. Anasahihisha walimu." Nimesoma taarifa za kitaalamu za kurasa kumi ambazo hazisemi hata nusu ya hayo.

Mama yule hakuwa amelisikia neno Asperger, wala hakujua ninatafuta nini. Mwalimu naye aliandika miaka mingi kabla ya hicho kipindi cha redio. Kiki gani hiyo inayoanza darasa la pili?

Zana zangu nazo zina upungufu wake. Nyingi zilitungwa Ulaya na Marekani, na mojawapo ya mambo zinayoyahesabu ni namna mtu anavyokutazama machoni. Hapa kijana akimkodolea macho mtu mzima ataambiwa hana adabu. Ningefuata fomu kama ilivyo, nusu ya vijana wa Ujiji waliolelewa vizuri wangetoka kwangu na usonji.

Kwa hiyo nimejifunza kuangalia kwingine. Bahati, mpaka alipokuwa na miaka 24, akikaribishwa chakula alikaa na kula. Kila nyumba, kila mara, hata pale ambapo ugali ulikuwa wa watu watatu na "karibu" ilikuwa ya mdomoni tu. Mtu akimwambia kwenye simu "niko njiani", alitoka kwenda kusimama barabarani kumpokea. Saa nzima ikipita, kuchelewa hakukumuudhi. Kilichomuudhi ni kwamba mtu alisema yuko njiani naye hayuko njiani. Na shikamoo! Alijitungia kanuni: anayemzidi miaka kumi aamkiwe, na ambaye umri wake haujulikani aulizwe. Akawa anauliza kweli. Fikiria mama muuza mawese, asubuhi asubuhi, kijana anamtaka miaka yake ili ajue amsalimie vipi.

Siku hizi hafanyi hayo, na hapo ndipo watu wanapomkamatia. "Mbona dalili hazionekani?" Hazionekani kwa sababu amesoma. Ana daftari ambalo safu moja ina maneno ya watu, ya pili ina maana zake. "Tutaonana": si ahadi. "Karibu", mwenyeji akiwa amesimama: shukuru, usikae. Ameyakariri kama sisi tulivyokariri jedwali la kuzidisha, na kila mazungumzo yanapoanza yeye anatafsiri huku wenzake wanaongea tu.

Mkewe alinieleza bei ya kazi hiyo. Wakitoka harusini, Bahati anaingia ndani ya neti, anajifunika kanga kichwani, na hasemi neno mpaka kesho yake jioni. Shati jipya hulifua mara tatu kabla mumewe hajakubali ligusane na ngozi yake. Dereva wa bajaji anamwona Bahati wa saa tatu asubuhi. Wa saa tatu usiku anaonwa na mkewe peke yake. Mwongozo wa Marekani wa 2013 wenyewe unakubali kwamba dalili zinaweza kufichwa na mbinu alizojifunza mtu kadiri anavyokua. Wanawake hasa. Binti hufundishwa mapema kutabasamu na kunyamaza, kwa hiyo wengi wao hutufikia wakiwa tayari na watoto watatu.

Na hiyo kazi inayowashangaza watu. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika hufuata dagaa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, dagaa hawakusanyiki taani na mitumbwi hupumzika. Kibirizi nzima inajua hivyo, lakini Bahati anajua kwa tarakimu. Ana madaftari ya miaka sita: bei ya beseni, kila siku, na umri wa mwezi pembeni. Usije ukamwambia mwezi una siku 30. Ni 29 na nusu. (Nimekatizwa mara mbili.) Tajiri wake anajua nini cha kununua na lini kwa sababu ya madaftari hayo.

Mwaka 2024 ziwa likafungwa kwa uvuvi, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Wenzake walilia kipato. Bahati alipotelewa na kalenda. Alikonda. Na kila siku, saa kumi na moja alfajiri, alikwenda kwenye mwalo mtupu akafungua daftari na kuandika sifuri kwenye safu ya bei. Miezi mitatu ya sifuri. Niliyaona madaftari hayo mwenyewe. Alfajiri ile hapakuwa na mtu wa kujifanya mbele yake.

Mashaka haya si ya Kigoma peke yake. Tarehe 8 Mei 2021 Elon Musk alisema mbele ya kamera kwamba ana Asperger, na mpaka leo naulizwa kama ni kweli. Sijibu. Mwaka 1964 jarida la Fact liliwaandikia madaktari wa akili wa Marekani kuwauliza kama mgombea urais Barry Goldwater ana akili timamu za kushika kazi hiyo. Madaktari 1,189 walijibu hafai, na hawakuwa wamemwita hata kwa mazungumzo ya nusu saa. Goldwater alishtaki jarida akashinda, na mwaka 1973 chama cha madaktari hao kikaandika kanuni: usimtolee mtu hukumu kama hujamchunguza na hajakuruhusu. Mimi si mwanachama wao, ila kanuni hiyo naitumia mpaka kwenye bajaji.

Tena kuna Gary McKinnon, Mwingereza aliyetuhumiwa kuingia kwenye kompyuta 97 za jeshi la Marekani na za NASA, shirika lao la anga, akisema anatafuta habari za viumbe wa anga za mbali. Alitambuliwa kuwa na Asperger Agosti 2008, akiwa na miaka 42, mara tu baada ya kushindwa rufaa ya kupinga kupelekwa Marekani. Wenye mashaka walikuwa na la kusema: umejuaje leo, siku unayoihitaji? Lakini watu wazima wengi hutambuliwa hivyo hivyo, siku maisha yanapowabana wakapelekwa kwa mtaalamu kwa mara ya kwanza. Oktoba 2012 Theresa May, akiwa waziri wa mambo ya ndani, alizuia asipelekwe.

Na si kwamba kila anayekuja na jina hilo ninamkubalia. Kutilia shaka ni sehemu ya ujira wangu. Aliwahi kuja dada mmoja, kalisoma kwenye simu, ana hakika. Utoto wake ulikuwa wa marafiki na michezo ya rede, na kilichomfunga ni woga wa watu ulioanza baada ya kudhalilishwa mbele ya darasa, kidato cha pili. Woga huo una tiba yake, na ningempa jina alilolitaka ningemnyima tiba hiyo. Mwingine, kijana wa Kibondo, waliomleta walisema haitiki akiitwa na hujitenga. Masikio yake yalikuwa yakitoa usaha tangu utotoni. Alikuwa hasikii.

Dereva sikumweleza yote haya. Nilimwambia tu kwamba kuhesabu hela si kinga. Pale Kibirizi nilimkuta tajiri wa Bahati, mzee mwenye mitumbwi minne, ambaye tangu Aprili hajaficha msimamo wake. "Mimi sisadiki, Daktari. Yule ni mjanja tu, na mimi nawajua wajanja."

Tukiwa tunaongea alitoa simu akamwandikia Bahati ujumbe, akaniinulia nisome maana miwani nilikuwa nayo mimi: "Natoka hapa saa 4:10. Nafika ofisini saa 4:25." Nikamuuliza tangu lini anaandika hivyo. Akasema tangu mwaka jana. Zamani alikuwa anamwambia yuko njiani, akifika anakuta mtu kasimama juani.