Viza ya mwenza: saa yako inaanza kuhesabu lini?

Dada mmoja wa Igoma alikuja ofisini mwezi uliopita, kiti hakijapata hata joto akaniambia "kaka mi nataka ile ya miezi mitatu." Nikamuuliza ipi hiyo. Akasema ile ya mchumba, maana shoga yake wa saluni kamwambia ya mchumba inatoka fasta kuliko ya mke, kwa hiyo yeye na mwenzake, Mwingereza, wameshaanza kufikiria kuahirisha ndoa ya huku na ukumbi walishalipia.

Mi kazi yangu ndo hii, kusaidia watu kupanga makaratasi ya viza za ndoa. Kaofisi kangu kapo Kirumba hapa Mwanza, ukitokea Mwaloni unapandisha kidogo, upepo wa ziwa ukigeuka mafaili yote yananuka dagaa. Siyo wakili na sina mjomba ubalozini. Ila mafaili nimeyaona mengi, na swali la "ipi ina haraka" nalisikia karibu kila siku, na karibu kila siku anayeuliza analinganisha vitu ambavyo havilingani.

Tuelewane kwanza kuhusu saa. Mzungu siku yake inaanza usiku wa manane watu wamelala, sisi yetu inaanza jua likichomoza, ndo maana yeye akisema saa mbili na mi nikisema saa mbili tunapishana masaa sita na wote tuko sahihi. Viza ni hivyo hivyo. Uingereza wanakwambia wiki 12, Mmarekani anakwambia ombi lake limeshapita, mke wa Mjerumani anakwambia yeye alisubiri kidogo tu, na kila mmoja ameanzia kuhesabu pake. We unayekaa Mwanza hesabu yako ni moja, tangu siku mmeamua mpaka siku unashuka kwenye ndege mnaanza kuishi kama mume na mke, na we ukiwa unaruhusiwa kufanya kazi. Hiyo ya mwisho watu wanaisahau sana.

Basi tuanze na Uingereza maana ndo ilikuwa kesi ya dada. Hizo wiki 12 zao zinaanza siku umeenda Dar kutoa alama za vidole. Siyo siku ya ndoa, na siyo siku umelipa. Na zenyewe siyo ahadi, ni lengo tu, mwaka 2022 vita ya Ukraine ilipowajazia maombi wakazipandisha zikawa wiki 24, watu walikaa nusu mwaka wanaangalia simu. Saivi zimerudi 12. Pale inapopatikana huduma ya haraka unaongeza £500 wanalenga siku 30 za kazi, lakini kama faili lina tundu hiyo hela haizibi tundu.

Sasa muda mrefu kwenye hii njia unaliwa kabla hata hujagusa fomu. Mume anatakiwa awe na kipato cha £29,000 kwa mwaka, hii ni toka tarehe 11 Aprili 2024, zamani ilikuwa £18,600 watu wakawa wanapita. Halafu siyo kuwa nacho tu, ni kukithibitisha kwa namna wanayotaka wao. Kama yuko kwa mwajiri yule yule miezi 6 au zaidi, analeta hati za mshahara za miezi 6 na stetimenti za benki zinazoonyesha ile hela imeingia kweli. Akibadilisha kazi katikati, hata kama mshahara umepanda, mnahamia kwenye hesabu nyingine inayoangalia na miezi 12 iliyopita alipata jumla ya shilingi ngapi, yaani pauni ngapi, na hapo wengi wanakwama, basi inabidi msubiri miezi 6 ya kazi mpya itimie. Kuna wanaotaka kutumia akiba badala ya mshahara, hiyo peke yake ni £88,500 na iwe imekaa benki miezi 6 bila kushuka chini ya hapo. Mshahara wako wewe wa hapa hawauhesabu, hata kama we ndo meneja wa tawi.

Kwa hiyo nikamuuliza dada, shemeji yupo kwenye hiyo kazi tangu lini? Akapiga simu hapo hapo. Miezi minne.

Unaona? Hata angechagua ya mchumba, ya mke, ya bibi, kabla ya miezi miwili kupita hakuna fomu ya kupeleka. Masharti ya kipato ni yale yale kwa mchumba na kwa mke, muda wa kusubiri jibu ni ule ule, na ada ni ile ile, £1,938 kwa bei za Aprili 2025. Tofauti inakuja baadaye. Mke analipa ada hiyo na ile tozo ya afya £3,105 kwa mkupuo, inauma kwelikweli, ila anapata miezi 33 na anaruhusiwa kufanya kazi kuanzia siku anafika. Mchumba halipi tozo ya afya mwanzoni ndo maana anaona rahisi, lakini anapewa miezi 6 tu, haruhusiwi kufanya kazi, ndani ya hiyo miezi wafunge ndoa halafu waombe upya wakiwa kule kule, £1,321 juu kwa bei hizo hizo na tozo ya afya inarudi, anasubiri jibu tena, kwa kawaida mpaka wiki 8, mikono kifuani. Tukapiga hesabu kwenye karatasi, njia ya "haraka" ilikuwa inamchelewesha kuanza kazi kwa miezi kadhaa. Alichokuwa anaokoa ni nini? Ndoa ya Bomani, ambayo kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 unatoa taarifa siku 21 kabla. Wiki tatu.

Siyo kwamba ya mchumba haina kazi. Kama mwanaume hawezi kabisa kuja huku, mgonjwa au kazi haimruhusu, au familia yake ndo inataka harusi iwe kwao, hapo sawa. Ila usiichague kwa sababu ya saa. Na yule anayekwambia nenda na viza ya matembezi mkafunge ndoa huko huko ubadilishe, mkimbie, kwa Uingereza mtu wa matembezi habadilishi kuwa mke akiwa ndani, utarudishwa kuanza upya Dar na rekodi imechafuka.

Maneno ya saluni lakini hayatoki hewani, yanatoka Marekani. Kule kweli kuna njia mbili zenye mwendo tofauti. Ya mke anayeolewa na raia inaanza na ombi la mume, fomu I-130, likipita linaenda kituo chao cha viza, pale mnalipa ada ($325 na $120), mnapeleka vyeti na mume anaapa kwamba atakutunza, ndo baadaye unapangiwa intavyu. Hii imezoeleka kupita mwaka. Ya mchumba, K-1, inatumia fomu nyingine na hatua za katikati ni chache, kwa hiyo kwa miaka mingi watu wa K-1 walikuwa wanatangulia kupanda ndege. Hapo saluni wako sahihi. Ambacho hawasemi ni kwamba ukifika una siku 90 uwe umeolewa, kisha mnaomba kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu, mkiwa ndani, $1,440 nyingine, na kazi unasubiri kibali. Mwenzako wa njia ya mke alishuka akiwa tayari mkaazi. We ulimpita uwanja wa ndege, yeye kakupita kazini. Halafu kuna K-3, hii iliwekwa na sheria ya mwaka 2000 ili mke asisubiri sana, saivi ni jina tu, maana I-130 ikishapita hiyo K-3 wanaifunga, kama kuna mtu anakutoza hela akujazie K-3 muulize mara mbili.

Na kama mumeo siyo raia ila ana kadi ya kijani, wewe uko kwenye foleni yenye idadi maalum kila mwaka, akipata uraia unatoka kwenye hiyo foleni. Wengine ndo kinachowachelewesha hicho na hawajui.

Ila yote hayo ya Marekani kwa sasa yasome ukijua kwamba kuanzia 1 Januari 2026 Tanzania imo kwenye orodha ya nchi zilizowekewa vizuizi vya sehemu, na viza za kuhamia zimo kwenye zilizoguswa. Ombi la mume unaweza kulipeleka likaenda zake, lakini mlango wa mwisho umebanwa. Mtu wa Marekani akija kwangu saivi naanza na hilo kabla sijampa kiti, na sichukui hela ya kujaza fomu za mwisho.

Ujerumani sasa, huku ni stori nyingine kabisa. Saa kubwa huku ni lugha. Mke wa Mjerumani anatakiwa aoneshe cheti cha Kijerumani A1, yaani ngazi ya mwanzo kabisa, toka 2007, na cheti chenyewe siyo cha mtaani, wengi wetu tunaenda Goethe-Institut Dar. Ukianzia sifuri hesabu miezi, na ukikaa Mwanza hesabu na pa kulala Dar. Ukishapeleka maombi ubalozini, faili linatumwa kwa ofisi ya wageni ya mji anaoishi mume nao waseme ndiyo, kwa hiyo wake wawili wanaweza kupeleka siku moja, mmoja mume wake yuko kamji kadogo na mwingine jiji kubwa lenye foleni, wakapishana kwa wiki nyingi na hakuna aliyekosea kitu. Usimpigie simu mwenzako ukalia.

Hapa kuna kitu nakipenda sana. Kama mumeo ni Mholanzi au Mfaransa, ila anaishi na kufanya kazi Ujerumani, we huingii kwenye hiyo njia kabisa. Unaingia kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, direktivu 2004/38, viza ni bure, wanatakiwa waishughulikie kwa haraka, na A1 haikuhusu. Mjerumani aliyekaa kwao anabanwa kuliko mgeni jirani yake. Nimeshaona mteja amejilipia kozi ya Kijerumani miezi mitano kumbe mume ni Mholanzi, hakuna aliyemuuliza pasi ya mume ni ya nchi gani. Kujua Kijerumani si hasara, lakini alikuwa amekaa mbali na mumewe kwa miezi mitano ya bure.

Tukirudi kwenye saa za kujitakia, nitawaambia kosa langu mwenyewe. Kuna mama mmoja wa Buhongwa, Uingereza, nilimpeleka Dar mapema kupima TB, kipimo ambacho Uingereza wanakitaka, nikijiona najipanga. Cheti cha TB kinaishi miezi 6. Mtihani wake wa Kiingereza akaanguka mara ya kwanza, kuna hati ya mshahara ya mume ikakosekana, siku tunafungua fomu cheti kimekufa. Basi kwenda, lodge, basi kurudi, upya. Nauli nililipa mimi, na nilistahili. Toka siku hiyo TB kwangu ni kitu cha mwisho, Kiingereza ndo kinatangulia.

Cha Kiingereza chenyewe ni A1 ya kuongea na kusikiliza, siyo kitu cha kutisha, ila kifanyike kwenye kituo kinachotambulika. Waliosoma chuo cha SAUT pale Malimbe wananiambia "mi nina digrii ya Kiingereza nimesamehewa." Digrii inasaidia kweli, lakini siyo kwa kuibandika tu, lazima Ecctis, wale wahakiki wa vyeti wa Uingereza, wathibitishe kwamba ilifundishwa kwa Kiingereza, nayo ni foleni yake.

Na kabla ya vyote hivyo, majina. Huku kanda yetu nusu ya miezi ninayoiona ikipotea inapotelea hapa, wala siyo ubalozini. Cheti cha ubatizo Maria, NIDA Mariam, pasipoti inafuata NIDA, cheti cha ndoa kimeandikwa jina la nyumbani. Wengine cheti cha kuzaliwa hawana kabisa, kazaliwa Ukara, mama yake anakumbuka ni mwaka wa mvua kubwa, inabidi tuanze RITA kuandikisha umri mkubwa hivyo. Na ng'ombe 12 za mahari hata kama ukoo mzima ulihesabu siyo cheti. Wapo wanaonitajia kifungu cha 160 cha ile Sheria ya Ndoa, kwamba wameishi miaka miwili kwa hiyo sheria inawaona wana ndoa, sawa, hiyo ni dhana, mtu anaweza kuipinga, na ubalozi unataka karatasi.

Dada wa Igoma hakuahirisha ndoa. Bomani walishatoa taarifa, shemeji anakuja mwezi ujao, akirudi hati yake ya sita ya mshahara itakuwa imetoka. Huku katikati yeye anasoma Kiingereza kila jioni. Juzi kanipigia simu, mwanzo mwisho Kiingereza, hajachanganya hata neno moja. Nikamjibu kwa salamu ya Kisukuma, mwangaluka, akakata simu anacheka.