Kemikali sugu mwilini: njia zake si zile tunazozidhania

"Nakaa mbali na viwanda, mimi haya hayanihusu." Hii ni dhana iliyoenea sana kuhusu kemikali sugu, yaani zile zisizooza upesi na zinazojikusanya mwilini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya asilimia 90 ya dayoksini (sumu inayotokana na kuchoma taka na shughuli za viwandani) inayomfikia binadamu hupitia kwenye chakula, hasa nyama, maziwa na samaki. Umbali haukingi. Katika miaka ya 1980, watafiti walipima maziwa ya akina mama Wainuit wa Nunavik, kaskazini mwa Quebec nchini Kanada, eneo la barafu lisilo na miji mikubwa. Walikuta PCB (kemikali zilizotumika zamani kwenye vifaa vya umeme) nyingi kuliko kwa akina mama wa kusini mwa jimbo hilohilo, kwenye miji na viwanda. Upepo na mikondo ya bahari ndivyo vilivyozifikisha kule. Zikaingia kwenye vijidudu vya baharini, kisha kwa samaki, kisha kwa sili na nyangumi wanaoliwa na wenyeji, na kila mlaji akarithi mzigo wa wote aliowala.

"Ukitoa ngozi na mafuta, samaki yuko salama." Kwa DDT (dawa ya kuua wadudu), PCB na dayoksini, kisu husaidia kweli, maana hizo hujificha kwenye mafuta. Zebaki ni habari nyingine: hung'ang'ania protini ya mnofu wenyewe, hivyo hata ukimparua samaki vipi, haitoki. Hapo kinachosaidia ni kuchagua. Papa na wawindaji wengine wakubwa, walioishi miaka mingi, hubeba zebaki nyingi. Samaki wadogo wa umri mfupi hubeba kidogo. Kuacha samaki kabisa kwa sababu ya hofu ni kujinyima chakula bora bila sababu.

"Juisi za kusafisha mwili huziondoa." Biashara nzuri hiyo, kwa muuzaji. Dayoksini huchukua kati ya miaka 7 na 11 kupungua kwa nusu mwilini, na hakuna juisi ya wiki moja inayofupisha muda huo. Tena anayejikondesha kwa pupa huyeyusha mafuta yaliyohifadhi kemikali hizo, nazo humwagikia kwenye damu. Kupunguza uzito kuna faida zake nyingi. Kufanyike taratibu tu.

"Basi mama asinyonyeshe." La. Ni kweli kemikali hizi hupita kwenye maziwa, lakini Shirika la Afya Duniani bado linasisitiza kunyonyesha, kwa kuwa faida zake zinazidi hatari hiyo.

"Maji yakichemka yametakasika." Vijidudu hufa, naam. PFAS (kemikali zinazowekwa kwenye bidhaa kama vikaango visivyogandisha chakula) hazifi: maji yanapogeuka mvuke, zenyewe hubaki sufuriani, zikiwa zimekolea zaidi. Chujio la mkaa maalumu huzipunguza, mradi mkaa ubadilishwe kwa wakati.

Chakula chenyewe kando, kuna mazoea ya nyumbani. Kemikali za kuzuia moto zilizowekwa kwenye makochi na vifaa vya umeme huchanganyika na vumbi, na mtoto anayetambaa hulamba vidole vyake. Kunawa mikono kabla ya kula na kudeki kwa tambara bichi kuna maana kuliko watu wanavyodhani. Na kuchoma plastiki uani si usafi. Moto huo huzalisha dayoksini, majivu hutua chini, kuku hudonoa udongo, na dayoksini hiyo humrudia mchomaji ndani ya yai.