Tukiigawa maktaba yetu ya programu, tukate wapi?

Maktaba yetu, yaani msimbo wa pamoja ambao programu kadhaa huutumia, ilianza kama faili moja ya kunyoosha namba za simu: mteja akianza na 07 au na +254, zote zitoke kwa umbo moja. Baadaye tukaongeza hesabu za shilingi, malipo ya M-Pesa, ujumbe mfupi, na mwisho risiti za PDF. Sasa programu nne zinaitegemea, na mwenzangu hapa ofisini Kisumu anataka tuigawe iwe maktaba saba.

Nilimwomba tuache kwanza habari ya ukubwa. Maktaba kubwa haimuumizi mtu kwa kuwa kubwa tu. Anayeumia ni yule anayebebeshwa asichokitumia. Kule Ahero kuna makarani wanaopima mpunga kwa programu yetu. Wao wanahitaji namba na shilingi, basi. Lakini risiti huja na fonti na vifaa vyake vya kuchora, na vyote vinaingia kwenye simu zao. Asubuhi moja nilikaa na karani kando ya mizani, akifuta video za harusi ya dadake ili toleo jipya lipate nafasi. Nilijua kilichobadilika katika toleo hilo: upana wa pambizo la risiti. Sijaisahau asubuhi hiyo.

Google walikutana na jambo la aina hii mwaka 2014. Faili moja ya DEX, inayobeba msimbo wa programu kwenye Android, haiwezi kurejelea zaidi ya methodi (vipande vya msimbo vinavyoitwa kwa jina) 65,536, na Google Play Services, maktaba yao ya huduma za Google, ilikuwa inakula sehemu kubwa ya nafasi hiyo. Kuanzia toleo 6.5 wakaruhusu watu wachukue vipande wanavyovihitaji.

Kwa hiyo risiti zitoke. Hapo hatukubishana.

Ubishi ulikuwa kwenye namba na malipo. Nilipekua historia yetu ya Git, kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo, nikitafuta faili zinazobadilika pamoja, na hizi mbili hazikuachana. Namba zinazoanza na 01 zilipoingia Kenya mwaka 2019, ilibidi tuguse zote mbili siku ileile, kwa sababu malipo nayo yalikuwa na ukaguzi wake wa 07. Zingekuwa maktaba mbili, tungetoa toleo la namba, kisha la malipo, halafu tungoje kila programu ichukue yote mawili. Programu ikichukua moja na kuacha jingine, mtu anasajiliwa vizuri kwa namba yake, kisha anakataliwa akitaka kulipa.

Halafu kuna mgongano wa matoleo. Malipo na ujumbe vyote vinatumia namba. Vikitengana, kimoja kinaweza kudai toleo la 2 la maktaba ya namba na kingine toleo la 3. npm, kisakinishi cha maktaba za JavaScript, inaweza kuyaweka yote mawili kimyakimya. Pip, kisakinishi cha Python, huweka toleo moja tu kwa kila mazingira, kwa hiyo itakataa. Hilo la npm ndilo linalonitisha zaidi, maana kosa halionekani mpaka pesa ziguswe.

Wala sitaki vijimaktaba vya mistari kumi. Machi 2016 left-pad, maktaba yenye mistari 11, iliondolewa npm na mwenyewe, na ujenzi wa programu nyingi ukakwama, ukiwemo wa Babel, kifaa cha kugeuza msimbo wa JavaScript.

Tumekubaliana mbili badala ya saba. Risiti zinapata maktaba yao, na kwa kuwa hilo linavunja programu za sasa, namba ya kwanza ya toleo lazima ipande. Zilizobaki nimezipa folda zake ndani ya maktaba ileile, na jaribio la kompyuta linalokataa folda moja kuchungulia ya jirani bila idhini. Folda itakayokaa miezi sita bila kuvunja sharti hilo, nitakubali ihame.

Jaribio lilishindwa siku ya kwanza: malipo yanaita ujumbe kutuma uthibitisho, na ujumbe unaita malipo kuuliza salio. Hicho ndicho kifundo ninachokifungua wiki hii, kabla ya toleo la Ahero kutoka.