Siumwi Leo, Kwa Hiyo Jana Sikufanya Kitu?

"Kocha, mbona leo siumwi misuli? Jana tulifanya mazoezi kweli?" Ujumbe huu umenifikia tena asubuhi hii. Safari hii najibu hadharani, maana nimechoka kumwandikia mmoja mmoja.

Maumivu ya misuli baada ya mazoezi huanza zikipita saa 12 hadi 24, hufika kilele siku ya pili au ya tatu, kisha huisha yenyewe. Kinachoyaleta zaidi ni ugeni wa zoezi, hasa ile hatua ya kushusha uzito, msuli unaporefuka huku umebeba. Shuka skwoti (kuchuchumaa na kuinuka) polepole kwa mara ya kwanza uone kesho utakavyoteremka ngazi. Rudia zoezi lilelile na uzito uleule wiki ijayo, maumivu yatakuwa yamepungua sana. Zoezi halijaharibika. Msuli umezoea, na kuzoea ndiko tulikokuwa tukikutafuta!

Na asidi ya laktiki, ile inayosingiziwa kuleta maumivu haya, tuiache ipumzike, jamani. Laktati, yaani umbo la asidi hiyo mwilini, inayopanda ukiwa mazoezini hushuka ndani ya saa moja hivi, kwa hiyo siyo inayokufanya ushindwe kukaa chooni keshokutwa. Mwanafiziolojia Mmarekani Theodore Hough alishasema mwaka 1902 kwamba chanzo ni mipasuko midogo ndani ya msuli wenyewe. Vitabu vya makocha huishia hapo kana kwamba kesi imefungwa. Haijafungwa: watafiti bado wanabishana kama kinachouma ni nyuzi za msuli, utando unaozifunika, au mishipa ya fahamu iliyokuwa nyepesi kuhisi.

Kinachonikera hasa ni yale yanayofuata. Mtu anayewinda maumivu hubadilisha mazoezi kila wiki, anaumwa vizuri tu, na miezi ikipita bado yuko na dambeli zilezile. Mwenzake ana daftari: kilo 40, seti (mizunguko) 3, marudio 8 kila seti. Wiki ijayo marudio 9, kisha 10, halafu kilo 42.5 na kurudi kwenye 8. Huyu haumwi, na anamwacha mbali. Ndivyo daktari wa jeshi Thomas DeLorme alivyowarudishia nguvu askari majeruhi wa Marekani miaka ya 1940, kwa kuongeza mzigo hatua kwa hatua. Wiki za mwanzo nguvu hupanda kabla msuli haujanenepa, kwa sababu mfumo wa fahamu unajifunza kuziamsha nyuzi nyingi kwa pamoja. Faida hiyo haiumi hata kidogo.

Kupasha mwili moto, fanya. Kulala, lala. Kujinyoosha ukimaliza si vibaya, ila maumivu ya kesho hakuyapunguzi kwa kiasi cha maana.

Pananishinda mahali pamoja. Humwambia mgeni aache seti akiwa na marudio mawili au matatu ya akiba, yaani angali anaweza kuyafanya, naye hajui mwisho wake uko wapi. Ananiambia "mawili", usoni naona sita. Basi naangalia kasi ya chuma inavyopungua na kukisia, na kukisia si sayansi.

Maumivu makali ya ghafla kwenye kiungo ni habari nyingine, acha zoezi. Na ukivimba, misuli ikalegea, mkojo ukawa kahawia iliyokoza, usiniandikie mimi. Nenda hospitali siku hiyohiyo, figo ziko hatarini.